Jiwe la Ratili

Vijana wenye biashara hunijia nyumbani kuniuliza maduka matano niliyajengaje. Wanakuja na kalamu. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, kwa sababu ng'ombe wa baba yangu hawakuwa na mchungaji mwingine, kwa hivyo nikimwona mtu amenishikia kalamu ninafurahi, sitaficha. Huwa nawaambia: mteja asome mizani mwenyewe, kila kitu kikae mahali pake, na nyongeza usiinyime. Wanaandika. Wanashukuru, wanakwenda. Hakuna aliyewahi kuniuliza mambo hayo matatu niliyatoa wapi.

Niliyatoa kwa dada yangu. Nami nilimfukuza.

Huku kwetu ndugu wa tumbo moja tunaitana yaya. Yaya wangu alinizidi miaka minane. Mama alipofariki mimi nilikuwa mdogo wa kubebwa, na ni yeye aliyenisongea obusuma, ugali wetu, mpaka nikaota ndevu. Katika kugawa alikuwa na tabia moja. Akishakata sehemu mbili, yake anaimega kidogo na kuongeza juu ya yangu. Hakuna maneno. Anamega, anaweka, anakula.

Nilipokuwa mkubwa nikaenda Lugari, nikakamua ng'ombe wa mzungu miaka tisa. Uhuru ulipokaribia, yule mzungu akaanza kuuza vitu vyake arudi kwao, na mshahara wangu wa mwisho nikauchukua kwa mizani. Ilikuwa mizani ya sahani mbili pamoja na mawe yake ya chuma, kuanzia robo ratili hadi ratili kumi. Niliyabeba begani mpaka barabara kubwa, halafu juu ya lori la mahindi hadi Kakamega. Nililala juu ya yale mawe nisije nikaibiwa. Mbavu ziliuma wiki nzima.

Yaya akauza charahani yake tukapata mabati. Duka likasimama karibu na soko, mlango mmoja, dirisha moja. Mimi nilikuwa mtu wa kuzunguka, natafuta sukari, nabishana na wenye malori. Dukani alikuwa yeye. Mume wake alikuwa kibarua wa barabara, leo yuko huku kesho kule, kwa hivyo yaya alikaa mjini karibu nami na nyumbani kwao Khwisero alikwenda Jumapili tu.

Alikuwa na mambo yake huyo mama. Chumvi kushoto, sukari kulia, majani chai katikati, sabuni ya mche chini, mafuta ya taa nyuma ya mlango. Ukisogeza debe la chumvi hatua moja, moto unawaka.

"Nani ameshika chumvi yangu?"

"Yaya, ni debe tu."

"Debe lina nyumba yake. Wewe ukirudi kwako ukute kitanda kiko kwa jirani, utacheka?"

Wateja walikuwa wanacheka kwa niaba yangu.

Na kupima. Wenye maduka wengine siku zile walificha mizani nyuma ya makopo, unapewa kifurushi ukakiamini kama mkristo. Yaya aliweka yake mbele kabisa. Akishamimina sukari alirudi nyuma, akakunja mikono.

"Angalia wewe mwenyewe. Imelala sawa?"

Kulikuwa na mzee mmoja muuza tumbaku aliyependa kumchokoza. "Mama, leo tena umenifanya karani?"

"Karani wa tumbo lako, baba. Tazama vizuri, usije ukalia nyumbani."

"Imelala sawa."

"Haya." Kisha vidole vyake vitatu vinaingia kwenye sukari, vinatoka na nyongeza, vinaidondosha ndani ya gazeti kabla halijakunjwa. Kila mtu. Aliyenunua ratili nzima na aliyenunua ya kikombe kimoja.

Watu wakaanza kupita maduka manne ili wafike kwetu. Mimi sikusoma, lakini mjinga si mimi. Niliona kwamba wanachofuata si sukari, maana sukari ni ile ile. Nikamwita mwalimu wa shule ya jirani aniandikie kwenye kadibodi, herufi kubwa: MTEJA ASOME MIZANI. KILA KITU MAHALI PAKE. NYONGEZA NI HAKI. Halafu nikaongeza la nne, hilo ni langu mimi mwenyewe: ANAYEPUNJA ANAONDOKA SIKU HIYO HIYO.

Yaya hakujua kusoma. Akanitaka nimsomee. Nilipofika la nne mikono yake ikasimama juu ya magazeti.

"Hata akikosea?"

"Kukosea ni wizi uliovaa nguo ya Jumapili," nikamwambia. Nilijiona nimesema kitu kikubwa. Nimekirudia mbele ya watu wengi.

Akaendelea kukunja magazeti.

Miaka michache baada ya uhuru serikali ikasema ratili basi, sasa ni kilo. Mkaguzi wa vipimo akapita, nikanunua mawe mapya, akaniambia yale ya zamani yaondoke dukani kabisa. Nikasema ndiyo, bwana. Sikuyaondoa. Mawe yale niliyakamulia ng'ombe miaka tisa, nani ataniambia niyatupe? Niliyatia ndani ya sanduku la mbao chini ya kaunta, na mawe mapya yakakaa juu, kwa safu, kama alivyotaka yaya.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa. Jiwe la nusu kilo na jiwe la ratili moja ni vyuma viwili vinavyofanana kama mapacha. Ukiviweka pamoja utaona kimoja kimezidi kidogo. Ukikishika kimoja peke yake, huwezi kujua. Ratili ni nyepesi kwa sukari ya vijiko vikubwa vitatu hivi.

Wakati huo nilikuwa nataka duka la pili. Khwisero walikuwa na kiwanja pale sokoni, na wazee wenye kiwanja walisema watakuja Kakamega wanione kwanza mimi ni mtu gani. Walikuja Jumatatu. Jumapili iliyotangulia nikapaka duka chokaa. Yaya alikuwa kanisani. Nilitoa kila kitu juu ya kaunta kwa mikono yangu hii, na mawe mapya nikayatia ndani ya lile sanduku, pamoja na yale ya zamani, yasidondokewe na chokaa. Jioni nikarudisha madebe yote mahali pake. Mawe nikayasahau sandukuni.

Asubuhi yaya akafungua alfajiri kama kawaida, akakuta kaunta haina mawe, akatia mkono sandukuni.

Wageni walifika saa tatu, wazee watano wenye makoti. Nilikuwa nimewasimamisha mbele ya ile kadibodi, nawasomea, nimefika la tatu, ndipo akaingia mama mmoja muuza vyungu. Alikuwa amenunua nusu kilo ya sukari asubuhi ile ile. Mkono mmoja ana kifurushi chake, mwingine ana jiwe ameliazima kwa mnunuzi wa mahindi.

"Duka la haki!" akapiga kelele. "Njooni muone duka la haki! Nimesoma mizani kama mlivyonifundisha, imelala sawa, nafika pale kwa mnunuzi, kifurushi kinaruka juu kama panzi!"

Watu wakajaa mlangoni. Nilichukua kifurushi, nikakiweka kwenye sahani moja, na jiwe lake kwenye sahani ya pili. Kifurushi kikapanda. Hata na nyongeza ya yaya ndani, kikapanda.

Mmoja wa wale wazee watano alikuwa anaitazama kadibodi, pale kwenye la nne, na aliyejua kusoma alikuwa anamnong'oneza.

Yaya akasema, "Ngoja, yaya. Ngoja nilishike lile jiwe langu." Akanyoosha mkono juu ya kaunta, ukaenda unapapasa pembeni ya mizani, ukagonga kopo.

Mimi nikaona mkono wa mtu anayetaka kuficha kitu.

"Usiguse," nikasema.

"Nilishike tu, nita..."

"Usiguse kitu cha duka langu. Toka."

Alisimama. Uso wake ulikuwa umeelekea kwangu lakini haukunitazama, ulitazama kama hatua moja pembeni yangu. Nikadhani ni aibu. Akafungua kanga aliyokuwa amejifunga kiunoni kwa kazi, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya kaunta. Alipotoka alishika mlango kwanza, kisha ukuta, na watu wakampisha. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe ni Mama Nusu!" Wakacheka.

Wazee wa Khwisero walinipa kiwanja siku hiyo hiyo. Mkubwa wao alinishika mkono. "Mtu anayeweza kumtoa dada yake hawezi kutuibia sisi," akasema.

Jioni nilifunga duka mwenyewe. Nikaokota jiwe lililokuwa pembeni ya mizani, nikalikuta ni la ratili. Sitasema sikuliona. Niliona, nikasimama nalo mkononi. Halafu nikajiambia: tazama, amelitoa makusudi. Kwamba ni mimi niliyeyachanganya jana yake, hilo lilipita kichwani kama mtu anavyopita njiani na wewe huna haja naye. Sikumwita. Nililifunga kwenye kitambaa nikalipeleka nyumbani, chini ya kitanda.

Basi maduka yakakua. Habari ilitangulia mbele yangu kila nilikokwenda. Mumias, katikati ya Waislamu, watu waliona heri mtu wa haki kuliko mtu wa dini yao anayepunja. Musanda, wakulima wa miwa walinipokea na ingokho wawili, kuku wa mgeni. Mwisho nikarudi Lugari, kwenye mashamba yale yale niliyokamulia, sasa ni ya watu wetu. Kila duka nililipanga kama la kwanza, chumvi kushoto, sukari kulia, mafuta ya taa nyuma ya mlango, hata mtu wa Musanda akifika Lugari anaingia na kunyoosha mkono bila kuuliza. Kila mfanyakazi mpya nilimsimulia habari ya yaya kabla sijampa ufunguo. Nilimwambia, mimi nilimtoa wa tumbo langu, wewe ni nani? Hakuna aliyepunja.

Yaya alirudi Khwisero kwa mume wake. Duka langu la pili lilikuwa kwenye njia yake ya kanisani, alipita mbele yake kila Jumapili. Hakuingia hata siku moja. Chumvi alikuwa anaifuata soko lingine, mwendo wa saa nzima. Jina lile lilimfikia huko. Niliambiwa akina mama wa kanisa walipochanga sukari ya chai, walimwambia, "Wewe, Mama Nusu, pumzika, tutapima sisi." Nilisikia. Nilisema shauri yake.

Ikapita miaka. Mume wake akafa, nikatuma ng'ombe, sikwenda. Kisha siku moja binti yake, ambaye sasa alikuwa mama mwenye watoto wake, akanijia dukani Kakamega. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Khotsa," akaniambia, yaani mjomba, "mama anaumwa. Hajasema uje. Ni mimi ninayesema."

Nikaenda. Nilibeba nusu kilo ya sukari, sijui kwa nini sukari. Nilimkuta amekaa mlangoni juani, amekonda. Nilimsalimia, mulembe, akaitikia na kunyoosha mkono, nikaweka kifurushi juu yake. Akakipandisha na kukishusha mara mbili.

"Nusu kilo," akasema. "Na nyongeza. Kwa hiyo bado mnatoa."

"Bado."

Ndipo nikatazama macho yake. Yote mawili yalikuwa meupe, kama mtu amemiminia maziwa ndani. Binti akaleta chai, na yaya akakitafuta kikombe kwa vidole, kidole kimoja akakitia ndani ili ajue imefika wapi.

"Yaya, macho haya ni tangu lini?"

"Tangu kabla ya kilo."

"Mbona hukusema?"

"Ungeniweka dukani?" Akanywa. "Nilijua kila kitu kilipokaa. Mizani nilimwachia mteja aisome. Nani alilalamika?"

Nilikaa pale nikiona duka langu la Mumias na la Musanda na la Lugari, chumvi kushoto, sukari kulia, angalia wewe mwenyewe, imelala sawa? Kadibodi yangu yote.

"Na nyongeza?" nikamuuliza. "Ulikuwa unaogopa umekosea?"

Hapo alikasirika. "Nyongeza nimeitoa tangu wewe una kitovu kibichi. Hiyo usiitie macho."

Nikamwambia habari ya chokaa. Nikamwambia habari ya jiwe chini ya kitanda. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia, mimi ndiye niliyelia, mzee mzima.

"Nilijua ni jiwe," akasema. "Nililala usiku ule nikakumbuka uzito wake mkononi, nikajua. Lakini ulikuwa umesema nitoke." Kisha akasema, "Nataka kitu kimoja. Sitaki duka. Siku ya soko, mchana, watu wakiwa wamejaa, usimame pale Kakamega uwaambie. Nife nikiwa na jina langu."

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Wiki hii."

Wiki ile mabati ya kuezekea upya duka la Lugari yalikuwa yanafika. Wiki iliyofuata mkaguzi alikuwa anakuja, nami niliogopa atauliza kwa nini ratili ilikuwa dukani. Halafu nikasema wacha Krismasi ipite, biashara ya Krismasi isiguswe. Binti alituma mtu mara mbili. Mara ya pili ujumbe ulikuwa mfupi: mama anauliza kama siku ya soko imehamishwa.

Alikufa kabla ya mahindi kupandwa.

Kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi watu wa nyumba hunyolewa, kisha mzee wa ukoo anasimama mbele ya wote na kuuliza: nani ana kitu cha marehemu? Anayekificha siku hiyo, amekificha huku marehemu anasikia. Nilikuwa nimelivaa koti langu kubwa, na jiwe limo mfukoni, limelivuta koti upande mmoja. Wazee wawili kati ya wale watano wa kiwanja walikuwepo. Akina mama wa kanisa walikuwepo.

Mzee akauliza. Nikasimama, nikaliweka jiwe juu ya meza.

"Mimi nina jina lake," nikasema. "Nilimchukulia mbele ya watu, nalirudisha mbele ya watu." Nikaeleza yote, chokaa, sanduku, macho, jioni ile niliposimama na jiwe mkononi. Nilisema pia kwamba aliniomba akiwa hai, na kwamba nilikuwa na mabati.

Nilitegemea watanipigia kelele. Nilitaka kelele. Nilisikia kuku tu, wanapekua majivu. Mmoja wa akina mama wa kanisa akajifunika uso kwa leso. Bibi mmoja mkongwe akatikisa kichwa. "Baba wee," akasema, "sasa unamwambia nani?"

Siku ya soko iliyofuata nilifanya alichotaka, Kakamega, mchana, duka limejaa. Muuza vyungu alikuwepo. Alikaa juu ya gunia la chumvi akasema, "Kwa hiyo ni mimi," nikamwambia hapana mama, wewe kifurushi chako kilikuwa kimepungua kweli. Wengine walisikiliza wakisikitika, wakasema pole mzee, pole sana. Kisha mtu aliyekuwa nyuma akauliza kama sukari ipo. Ikapimwa, akasoma mizani, akapewa nyongeza, akaenda. Hakuna mteja niliyempoteza. Maduka yote matano yalifunguliwa kesho yake alfajiri.

La nne nililikata kwenye kadibodi kwa kisu. Vijana wenye kalamu wanaona matatu tu.

Siku ile ya kunyoa, nilikuwa nimekusudia kumpa binti yake duka la Khwisero. Nilimfuata nyuma ya nyumba, kichwa chake kimenyolewa, kinang'aa, akawa kama mama yake alivyokuwa akinibeba. Nikamtolea ufunguo.

"Khotsa, duka baki nalo," akasema. "Nipe lile jiwe."

Nikampa. Sasa liko kwake, analiweka chini ya mlango usipigwe na upepo. Nikienda kumsalimia ananipa chai, ananiita khotsa kwa heshima yote, na mimi huingia kwa kuliruka.